Mshahara wa Mke Haufuti Michango ya Mume

Miongoni mwa Waswahili waishio Uingereza kuna kauli inayotolewa kwa uhakika mkubwa: mtu akipoteza kazi huku mwenzi wake bado yuko kazini, asijisumbue kuomba chochote serikalini, hana chake. Kauli hii husikika misibani, saluni, kwenye magrupu ya WhatsApp na nje ya misikiti na makanisa baada ya ibada. Mtu amepewa barua ya kupunguzwa kazi asubuhi, jioni ndugu zake wameshamaliza kesi: “Shemeji si anafanya kazi? Basi hapo hupati kitu.”

Si kweli. Na kwa kuwa si kweli, kila anayeirudia anamnyima mwenzake fedha alizozichangia kwa jasho lake.

Aliyepoteza kazi Uingereza ana milango miwili ya kubisha, na kila mlango una sheria yake. Wa kwanza ni bima. Mwajiriwa ambaye mshahara wake umevuka kiwango kilichowekwa hukatwa mchango wa Bima ya Taifa, na kato hilo limo kwenye hati yake ya mshahara, jirani na kodi ya mapato. Aliyechangia vya kutosha katika miaka miwili hadi mitatu ya karibuni anaweza kudai posho iitwayo New Style Jobseeker's Allowance, mradi awe anatafuta kazi kweli. Katika mwaka wa fedha 2025/26, kiwango kwa mwenye miaka 25 na kuendelea kilikuwa pauni 92.05 kwa wiki, kwa muda usiozidi siku 182. Sheria ya posho hii haiangalii mshahara wa mwenzi. Haiangalii hata akiba ya familia iliyoko benki. Kinachoangaliwa ni michango ya mdai mwenyewe.

Mlango wa pili ni Universal Credit, mfumo ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2012 na kuanza kulipa watu mwaka 2013. Hapa ndipo nyumba nzima inapohesabiwa. Wanandoa wanaoishi pamoja, na hata wasiofunga ndoa lakini wanaishi kama mume na mke, hutakiwa kuomba kwa pamoja. Mapato ya wote wawili huwekwa mezani, na wakiwa na akiba na mali nyingine zinazozidi pauni 16,000 hawapati kitu. Kikomo hicho ni kilekile kwa mtu anayeishi peke yake na kwa watu wawili.

Uvumi umezaliwa hapo. Watu wamechukua masharti ya mlango wa pili wakayabandika kwenye wa kwanza, kisha wakayatia chumvi hata huko huko kwenye wa pili. Universal Credit haisemi kwamba mmoja akiwa na kazi familia inafutwa. Inasema mapato yake yatapunguza malipo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti yake inaonekana kwenye hesabu.

Chukua wanandoa wasio na watoto, wote wamevuka miaka 25. Mume alikuwa akifanya kazi ghalani, ghala limefungwa. Mke anahudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo, na baada ya makato yote anabaki na pauni 1,300 kwa mwezi. Kwa viwango vya 2025/26, wanandoa hao walikadiriwa pauni 628.10 kwa mwezi za kujikimu. Tuseme sehemu ya kodi ya nyumba inayotambuliwa na serikali ni pauni 500. Jumla ni pauni 1,128.10. Kutoka hapo hukatwa asilimia 55 ya mshahara wa mke, yaani pauni 715. Kinachobaki ni pauni 413.10 kila mwezi. Hiyo ndiyo familia ambayo ndugu na majirani wameiambia haipati kitu.

Sasa mwongeze mke mshahara, afikie pauni 2,300. Asilimia 55 yake ni pauni 1,265, zaidi ya jumla yote waliyokadiriwa. Hapo Universal Credit inakuwa sifuri, na hapo ndipo uvumi unapofanya madhara yake makubwa, kwa sababu mume akisikia sifuri hufunga faili na kurudi nyumbani. Kumbe mlango wa bima bado uko wazi. Pauni 92.05 kwa wiki, kwa wiki 26, ni karibu pauni 2,400. Ni kodi ya miezi kadhaa hiyo, na ilikuwa yake.

Wenye kushabikia uvumi hujitetea kwamba posho ya bima haina maana kwa sababu Universal Credit huikata pauni kwa pauni. Ni kweli kwamba anayepokea zote mbili halipwi mara mbili. Lakini utetezi huo haumgusi kabisa yule ambaye Universal Credit yake ni sifuri. Na hata kwa anayestahili zote, wakati nao una thamani yake: malipo ya kwanza ya Universal Credit huchukua takribani wiki tano kufika, na fedha za haraka zinazotolewa katikati ni mkopo ambao utakatwa kidogo kidogo baadaye. Posho ya bima hulipwa kila baada ya wiki mbili. Mwenye nyumba hasubiri wiki tano.

Kwa wahamiaji jambo hili ni zito zaidi. Wengi walioingia Uingereza kwa viza ya mwenza, wakiwamo Watanzania na Wakenya, wana sharti kwenye viza kwamba hawaruhusiwi kutumia fedha za umma. Wakilisoma sharti hilo huogopa kila kitu, na kuogopa kuna sababu, kwani kulivunja kunaweza kuharibu maombi yao ya baadaye. Lakini fedha za umma ni orodha iliyotajwa kisheria, na posho inayotokana na michango ya Bima ya Taifa haimo katika orodha hiyo. Serikali iliyompokea mhamiaji na kumkata mchango kila mwezi haikumkataza kudai bima aliyoilipia. Mwenye viza ya namna hii anapaswa kupata ushauri wa mtu anayejua sheria ya uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote. Ushauri wa mtaani hautoshi.

Upande wa Universal Credit, watu haohao wanaonewa kweli, na hilo halisemwi vya kutosha. Mwenzi mmoja akiwa na haki kamili na mwingine hana, malipo hukadiriwa kwa kiwango cha mtu mmoja, lakini mshahara wa yule asiye na haki huhesabiwa wote. Kinywa chake hakitambuliwi, mfuko wake unatambuliwa. Kama kuna jambo la kulalamikiwa katika sheria za wanandoa, ni hilo.

Fikra kwamba mwenye ndoa hana haki binafsi haikuzuka jana. Bima ya ukosefu wa kazi ilianza Uingereza kwa sheria ya mwaka 1911, ikilipa shilingi 7 kwa wiki kwa wafanyakazi wa sekta chache kama ujenzi wa nyumba na meli. Mwaka 1931, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, ikapitishwa sheria iliyowaondoa wanawake wengi walioolewa kwenye malipo hayo ingawa walikuwa wamechangia. Waziri wa kazi aliyeisimamia alikuwa Margaret Bondfield, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi hiyo. Mwishoni mwa mwaka huohuo ukaja ukaguzi wa mapato ya kaya: waliokuwa wamemaliza haki yao ya bima walichunguzwa nyumba nzima, na kipato cha kijana anayeishi na wazazi kikatumika kupunguza posho ya baba. Ukaguzi huo ulichukiwa mno, na mwaka 1941 ukavunjwa.

Ndiyo maana ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942 ilisisitiza malipo yanayotokana na michango, yasiyodai kujua nani mwingine ndani ya nyumba anaingiza nini. Hata hivyo ripoti hiyohiyo iliendelea kumwona mke kama mtu wa kutegemea mumewe. Kwa miongo mitatu iliyofuata wanawake wengi walioolewa walilipa michango pungufu na kukosa haki kamili, hadi utaratibu huo ulipofungwa kwa waombaji wapya mwaka 1977. Kisha mwaka 1996 muda wa posho ya bima ukakatwa kutoka mwaka mzima hadi miezi sita. Kilichosalia leo ni kipande cha haki iliyopiganiwa, nacho watu wanakiacha mezani kwa sababu ya maneno ya mtaani.

Wapo watakaosema kwamba katika ndoa mtu humtunza mwenzake, na kukimbilia serikali ilhali mke yupo kazini ni kukosa haya. Kutunzana ni jambo jema na hakuna sheria inayolizuia. Lakini wanawake wa Pwani wanaocheza upatu wanajua jibu: zamu ya mtu ikifika hakuna anayemuuliza mumewe analipwa kiasi gani, kwa sababu alitoa kila mara alipotakiwa kutoa. Mume anayeona aibu kulelewa na mke ana kila sababu ya kudai bima yake, maana ndiyo fedha pekee inayoingia nyumbani kwa jina lake mpaka apate kazi nyingine.

Uvumi huu una madhara mengine ambayo watu huyasema kwa sauti ya chini. Wanandoa wakishaamini kwamba kuishi pamoja kumewafutia kila haki, wapo wanaoshawishika kujiandikisha kuwa wametengana. Huo ni udanganyifu mbele ya sheria. Fedha zote hudaiwa zirudi na mtu anaweza kufikishwa mahakamani. Inasikitisha zaidi pale wanandoa wanapojitia hatiani kwa sababu ya njaa ambayo ombi halali la pamoja lingeipunguza.

Tanzania nayo imo katika mjadala huu. Sheria ya mwaka 2018 iliyounda PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, iliweka fao la upotevu wa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6 kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18. Kipimo kilichowekwa humo ni michango. Mshahara wa mume au mke si sharti.

Kinachotakiwa Uingereza hakihitaji sheria mpya. Mwajiri anayetoa barua ya kupunguza mtu kazi aandike ndani yake jina la posho ya bima na kueleza kwamba haitegemei mwenzi. Ofisi za Jobcentre zimwambie kila mdai wa Universal Credit, hasa aliyepata sifuri, kwamba upo mlango mwingine. Vyama vya Watanzania, Wakenya na Wakongo, vinavyojua kukusanya watu kwa msiba ndani ya saa chache, viweke jambo hili kwenye matangazo yao ya kila wiki. Na aliyekatishwa tamaa mwezi uliopita aombe leo hii, kwa kuwa posho ya bima inaweza kulipwa kurudi nyuma hadi miezi 3 kwa mwenye sababu ya msingi ya kuchelewa.