Twiga tumechoka, tuchoreeni 109

Wadau, ukipita maduka ya sanaa Dar utakuta twiga, simba na Kilimanjaro, vyote vinang'aa kama rangi za baiskeli alizotumia marehemu Edward Tingatinga (alifariki 1972). Sawa, zinauzika. Lakini mbona siioni Land Rover 109 ya Sumbawanga?

Kabla ya lami, magari hayo ndiyo yaliyobeba mahindi, wagonjwa hata maiti Ufipa. Bodi ni ya alumini, kwa kuwa Uingereza ya 1948 chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Kwa hiyo hailiwi na kutu, inapauka tu.

Mpauko huo unataka rangi za maji, zile za karatasini. Nyeupe huipaki, unaiacha karatasi yenyewe iwe mwanga wa kioo. Unaanza na vumbi hafifu, unasubiri likauke, kivuli cha chini ya gari kinakuja mwisho.

Wasanii, wahini! Alumini chakavu inauzwa kwa kilo. Zikishakatwa zote, mjukuu akiuliza bibi alipandaje Lyamba lya Mfipa kutoka Muze kwenda hospitali, tutamwonyesha twiga?