Springi na Shokapu Zisizoelewana

Kuna desturi inayozidi kuota mizizi katika gereji nyingi, mijini na wilayani. Gari hufikishwa likiwa limechoka upande wa chini, na fedha mkononi ni chache. Fundi hushauri zinunuliwe springi mpya, ngumu kuliko za awali, na shokapu zibaki zile zile zilizotoka na gari kiwandani. Mwenye gari hukubali, akishukuru kwamba ameokoa nusu ya gharama. Je, ameokoa? La hasha! Ameahirisha deni, tena deni lenye riba.

Yafaa ieleweke kwamba springi na shokapu hazikuwekwa pamoja kwa bahati tu. Springi hubeba uzito wa gari na kumeza pigo la shimo. Lakini springi iliyobonyezwa lazima irudi, na ikiachwa peke yake itapanda na kushuka mara nyingi kabla ya kutulia. Kazi ya shokomzoba, au shokapu kama mafundi wanavyoiita, ni kuituliza kwa kulazimisha mafuta yapite katika matundu madogo yaliyomo ndani yake. Wahandisi wa kiwandani hupima nguvu ya kimoja kwa nguvu ya kingine. Atakayebadili kimoja bila kutazama cha pili amevuruga hesabu yote.

Springi ngumu ikifungwa pamoja na shokapu ya kawaida, hurudi kwa nguvu ambayo shokapu hiyo haikutengenezwa kuizuia. Mafuta hupata joto, sili huchakaa na kuvuja, na gari huanza kurukaruka kwenye barabara ya vumbi. Gurudumu lililo hewani halitii usukani wala breki. Springi ikiwa ndefu kupita kiasi, shokapu hukaa imenyooka karibu na ukomo wake, na kila gurudumu linapotumbukia shimoni shokapu huvutwa hadi mwisho. Na pale shokapu mpya inapofungwa upande mmoja na kuukuu ikaachwa upande wa pili, gari huyumba dereva anapofunga breki kwa ghafula.

Hasara hii humwangukia nani? Humwangukia mwalimu aliyenunua kwa mkopo gari dogo lililotumika Japani, akalinyanyua kwa vipande vya chuma juu ya springi ili lipite njia ya shuleni kwake. Gari limepanda, lakini mipira ya breki imevutika, boljointi zimekaa kwa pembe ambazo hazikukusudiwa, na matairi yanalika upande mmoja kwa kuwa hakuna aliyepima alaimenti. Humwangukia pia mlipa kodi, pale gari la idara linapofungwa kipuri hiki leo na kile kesho, kwa kadiri ya kasma iliyobaki, bila mtu yeyote kuandika kilichofungwa. Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), ulioanzishwa mwaka 2005, hutengeneza magari ya Serikali. Lakini hakuna karakana inayoweza kujua historia isiyoandikwa.

Hata hivyo, si haki kulaani kila kipuri kisicho na nembo ya kiwanda cha gari. Kampuni ya KYB ya Japani huviuzia viwanda vya magari shokapu, na pia huziuza madukani kwa jina lake. Wapo watengenezaji wanaouza springi na shokapu kwa seti moja, zilizopimwa pamoja kwa gari lenye kubeba mizigo mizito. Seti ya namna hiyo yaweza kulifaa gari la kazi kuliko ile ya kiwandani. Kosa limo katika kuchanganya visivyolingana.

Wala ugumu peke yake si dawa ya barabara mbovu. Wazee wanaikumbuka Peugeot 504, iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Gari lile liliposifiwa na abiria wa Afrika Mashariki, halikusifiwa kwa ugumu. Springi zake zilikuwa laini, zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na shokapu zake zililingana nazo.

Basi kanuni ni chache na hazihitaji shahada ya uhandisi. Shokapu na springi zibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Anayebadili ugumu au urefu wa springi atafute shokapu zilizotengenezwa kwa springi hizo. Kazi ikiisha, alaimenti ipimwe. Na afisa usafirishaji, kabla hajatia saini ankara, aulize namba ya kila kipuri na kuiandika katika jalada la gari. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na katika jambo hili, ufa usipozibwa gereji huenda ukazibwa hospitalini.