Mji Mkuu Si Mahali pa Kupunga Upepo

Umezuka mtindo, na umeota mizizi hasa miongoni mwetu sisi watumishi wa umma, wa kuusema vibaya mji wa Dodoma kila wanapokutana watu wawili watatu waliowahi kulala huko. Mmoja atalalamikia vumbi, wa pili jua na ukavu unaopasua midomo, wa tatu upepo wa Juni na Julai unaopenya hata ndani ya koti. Kisha, kana kwamba wamefundishwa wimbo mmoja, wote humalizia kwa kushusha pumzi: Dodoma hakuna bahari. Wakibanwa waseme walichokipenda, watakumbuka zabibu, nyama choma na barabara pana. Mji mkuu wa Jamhuri ya Muungano unapimwa kama hoteli!

Mimi ni mtu wa Newala, nami nina sababu ya kuyasikiliza maneno haya kwa hasira, kwa kuwa hayo hayo husemwa juu ya kwetu. Mtumishi anayepangiwa kazi Newala hupelekwa kwanza Shimo la Mungu. Husimama ukingoni mwa genge, akatazama bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo, akasifu hewa na mandhari. Wiki ya pili huuliza maji yako wapi. Wiki ya tatu huandika barua ya kuomba uhamisho, na mara nyingi barua hiyo huambatana na cheti cha daktari.

Ni kweli kwamba uwanda wa Makonde hauna mito. Udongo wake wa kichanga huyanywa maji ya mvua yakapotelea chini. Mama zetu waliteremka genge alfajiri na kulipanda tena na mitungi vichwani. Mradi wa kuyasukuma maji kuyapandisha huku juu ulianza tangu enzi za Mwingereza, katika miaka ya 1950, na hadi leo kiu haijakatika kwa wote. Ndiyo maana utaona katika nyumba zetu visima vya saruji vya kuhifadhia maji ya paa. Hata hivyo hakuna aliyesema kwamba kwa sababu hiyo Newala isiwe wilaya. Leo mtu anayenywa maji ya bomba pwani anatuambia kwamba ukame wa Ugogo ni hoja ya kuukataa mji mkuu. Hoja hiyo akaitafutie wasikilizaji wengine.

Tukumbushane jambo hili lilivyoanza. Dar es Salaam haikufanywa makao makuu na Watanzania. Wajerumani walihamishia serikali yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na walichokitafuta ni bandari nzuri ya kuingizia askari na kutolea mali. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu yahamie Dodoma, katikati ya nchi, na kazi ile ilikusudiwa iishe kwa miaka 10. Haikuisha. Fedha zilikuwa haba, vita vya Kagera vikaja, uchumi ukayumba; hayo tunayajua na tunayasamehe. Lakini ilikuwapo sababu nyingine isiyoandikwa katika taarifa yoyote, nayo ni kwamba wakubwa wengi hawakutaka kuondoka ufukweni. Ilifika mwaka 2016 ndipo Rais John Magufuli alipotamka kwamba serikali yote itahama, na mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Tangu uamuzi hadi sheria ni miaka 45. Mwalimu aliyeanza kazi mwaka ule wa 1973 alikwisha kustaafu.

Sasa niseme neno ambalo huenda litawafurahisha wapinzani wangu. Kwetu sisi wa Newala, Dodoma haiko karibu. Ukifuata njia iliyozoeleka, unakwenda kwanza Masasi au Mtwara, unashika barabara ya Lindi, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, unafika Dar es Salaam umechoka, na ndipo unapoanza safari nyingine ya kilometa 450 hivi. Makao makuu yangebaki pwani tungesafiri kidogo zaidi ya nusu ya njia hiyo. Basi kwa nini naitetea Dodoma? Kwa sababu nchi hii si Newala peke yake. Yuko mtu wa Kigoma, yuko wa Kagera, yuko wa Mara, na hao walipozwa mwendo. Sisi tulikubali mwendo wetu urefuke, na hatudai shukrani. Tunachodai ni kwamba tukifika tumkute mtu ofisini.

Mwaka jana mwalimu mwenzangu alifuatilia malimbikizo ya mshahara wake. Msiniambie kwamba siku hizi madai hupelekwa kwa kompyuta. Yeye alianza kwa kompyuta, na kompyuta ikanyamaza. Alikopa fedha za korosho kwa ndugu yake, akasafiri, akafika ofisi moja siku ya Ijumaa saa tatu asubuhi. "Mwalimu, shikamoo," kijana wa mapokezi alimwamkia kwa adabu kabisa, "mkubwa ameteremka Dar kikazi. Labda Jumanne." Jumatatu alipopita kuulizia, alimkuta mkubwa mwenyewe anashuka garini, begi mkononi, akitoka nyumbani kwake pwani. Alimsikiliza kwa dakika saba. Jalada halikuwapo; lilikuwa limeachwa Dar es Salaam.

Hilo, ndugu wasomaji, ndilo la kuchukiza katika mji mkuu. Vumbi hufutwa kwa kitambaa. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 ni kazi kubwa ya taifa, na sisi wa kusini imetufaa. Ila nahofia imewafaa zaidi wale waliokwisha kuzoea kuufanya mji ule kuwa kituo cha kusaini posho.

Na wenyeji wa Dodoma je, nani huwauliza? Niliozungumza nao wanapenda kwamba watoto wao wanasoma Chuo Kikuu karibu na nyumbani, na kwamba mgonjwa hutibiwa katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, jina la mwana wa Masasi, jirani yetu. Wanachokikumbuka kwa uchungu ni viwanja. Kwa miaka mingi mashamba ya wazee yalipimwa kwa ajili ya mji ambao wakubwa wenyewe hawakuuhamia, hadi Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilipovunjwa mwaka 2017. Mgogo aliyetoa shamba lake ana haki ya kuulamu mji ule. Afisa aliyepewa nyumba, gari na ofisi mpya Mtumba, naye bado analilia bahari, haki hiyo ameipata wapi?

Wakuu wa idara waanze na jambo dogo. Daftari la mahudhurio la Ijumaa na Jumatatu likaguliwe, na majalada yote yaliyobaki pwani yapakiwe yapelekwe Dodoma. Mwenzangu bado anasubiri la kwake, na korosho za msimu huu zimekwisha kuuzwa kulipia deni la nauli.