Kauli ya Kutendea na Istilahi za Kuunda Kiini cha Kompyuta

Makala haya yanajadili istilahi moja ya kompyuta kwa kuwazingatia watakaoihitaji katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Mwanafunzi wa huko aghalabu hukua na Kihangaza, Kishubi au Kizinza, husomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Akiingia katika ufundi wa kompyuta, maelekezo huyakuta katika lugha hiyo ya tatu. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba sarufi ya lugha zake mbili za mwanzo yaweza kumsaidia kuliko inavyodhaniwa.

Kiini cha Linux, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, huandikwa kama matini ya programu, nayo kompaila huyageuza kuwa maagizo ya prosesa. Bodi ndogo yenye prosesa ya ARM mara nyingi haina kumbukumbu wala kasi ya kutosha kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kiini chake huundwa kwenye kompyuta kubwa yenye prosesa ya jamii nyingine, kwa kawaida x86. Yumkini wapo watakaopenda kuiita kazi hii "ufasiri mtambuka". Istilahi hiyo ina kasoro: yaeleza kwamba kitu kimevuka, bila kubainisha kimetoka wapi na kinakwenda wapi.

Kiswahili kina njia bora zaidi, nayo ni kauli ya kutendea. Katika "kisu cha kukatia nyama", kisu ni ala. Katika "mgeni amekatiwa nyama", mgeni ni mtendewa. Kiambishi kimoja chabeba dhima zote mbili. Kadhalika, kompyuta kubwa ni mashine ya kuundia, na bodi ni mashine inayoundiwa. Kauli hii imo pia katika lugha jamaa za Kibantu, hivyo si ngeni kwa mwanafunzi wa Ngara.

Faida yake hudhihirika kazi inapokwama. Amri ya kuunda kiini hudai mambo mawili: ARCH hutaja jamii ya prosesa inayoundiwa, na CROSS_COMPILE hutaja kompaila ya kuundia. Fundi akitaja la kwanza na kusahau la pili, kompaila ya kompyuta yake hukataa vigezo vya ARM ambavyo haivijui. Akifanya kinyume chake, kompaila ya ARM hupelekewa vigezo vya x86, nayo hukataa vilevile. Hata kiini kikikamilika, bodi yaweza kubaki kimya kwa sababu faili inayoeleza vifaa vyake ni ya bodi nyingine. Mwenye istilahi ya "mtambuka" aweza kupoteza siku nzima akikagua matini yasiyo na kosa. Mwenye kauli ya kutendea atauliza: Ni cha kuundiwa nani? Kimeundiwa kwa nini?

Itadaiwa kwamba amri zenyewe zitabaki za Kiingereza. Ni kweli, lakini amri hunakiliwa. Kosa halitatuliwi kwa kunakili. Mwaka 2004 mradi wa Klnx wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilimhudumia mtumiaji. Muundaji bado anasubiri istilahi zake, na inapendekezwa kwamba zianzie katika mnyambuliko wa kitenzi kabla ya kamusi za kigeni.