Nenda Kwao Mchana

Keti siku moja kwa fundi cherehani pale Karatu mjini. Binti anaingia kupimwa gauni la harusi ya dada yake, na shuka hataki kuivua. Fundi akishapitisha futi, anaona bega moja limepanda na jingine limeshuka. Hasemi neno. Anachora chaki, anaongeza kitambaa vidole viwili upande mmoja wa mgongo. Binti anauliza kwa sauti ndogo: "Itaonekana?"

Swali hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Huku kwetu, kuanzia Rhotia hadi Endulen, mgongo wa mwanamke ndio cheti chake. Kuni zinabebwa hapo, maji hapo, mtoto naye hapo hapo. Basi wakwe wakimwona mwenye kibiongo hawaulizi kama ana akili au ucheshi, wanahesabu madumu. Na wanaume wetu (nitasema, hata nikichukiwa) wapo wanaomfuata binti huyo usiku, na mchana wakampita mnadani kana kwamba hawamjui. Mimba ikiingia, haina mwenyewe. Huo ni wizi. Nawe binti, usikubali kuibiwa kwa kudhani kwamba kufuatwa usiku tu ndicho kipimo chako.

Laana haimo katika mgongo uliopinda. Kwa wengi wa wasichana hawa, uti wa mgongo huanza kupinda kuelekea ubavuni wanapokaribia kuvunja ungo, na hadi leo madaktari hawajakijua chanzo chake hasa. Mama asijilaumu. Kwa wengine ni kifua kikuu kilichohamia kwenye pingili, ugonjwa alioueleza daktari Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779, na ambao katika nchi ya wafugaji huweza kuingia hata kwa maziwa yasiyochemshwa. Dawa zake hutolewa bure. Mtoto anayelalamikia mgongo wiki baada ya wiki, huku akikonda, apelekwe hospitali mapema, kwa sababu dawa huua vijidudu lakini hainyooshi pingili zilizokwisha kuporomoka.

Atazaa? Wengi wao huzaa vizuri. Aanze kliniki mapema na amweleze mkunga habari ya mgongo wake, kwani uliopinda sana hubana mapafu, na sindano ya ganzi ya uti wa mgongo hutaka kupangwa kabla ya siku yenyewe. Chumbani nako asivumilie maumivu ili aonekane mzima. Aseme panapouma, mto uwekwe chini ya kiuno, walale ubavu, wasiwe na haraka. Mume naye aulize, tena aulize kwa mdomo, asingoje kukisia gizani.

Watu hupenda kusema "hujafa hujaumbika". Methali hii siipendi inavyotumiwa: tunamstahi mlemavu kwa kuiogopa kesho yetu wenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 haukutegemea hofu hiyo. Umetaja waziwazi haki ya mtu mwenye ulemavu ya kuoa, kuolewa na kuwa na familia. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu.

Oktoba 2018, Eugenie, mjukuu wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, aliolewa akiwa na gauni lililoachwa wazi mgongoni kwa makusudi, kovu la upasuaji wa mgongo aliofanyiwa akiwa na miaka 12 lionekane. Simwambii binti wa Karatu avae hivyo. Baridi ya huku kwetu haina mzaha. Namwambia tu kwamba ile "itaonekana?" ya kwa fundi, yuko aliyeijibu mbele ya dunia nzima.

Akina mama, wageni wa posa wakija, msimpeleke binti huyo jikoni mkamtanguliza mdogo wake. Nawe kijana unayejua njia ya kwao gizani, kesho mnadani msalimie kwa jina lake, rafiki zako wakisikia. Kisha tafuta mshenga, mwende kwao mchana.