Bwana Smith Mwana wa Mhunzi

Wako watu hapa kwetu mwambao ambao wakilisikia jina la Smith huliona ni jina la enzi. Mimi huwaambia, yakhe, huyo ni mwana wa mhunzi! Smith, tangu Kiingereza cha kale, ni mfua chuma, basi. Majina ya ukoo yaliposhika mizizi Uingereza, karne ya 13 na ya 14, wengi waliandikwa kwa kazi zao. Na kijiji gani kingekaa bila mhunzi? Majembe yake, misumari yake, viatu vya farasi, vyote vyatoka kwake. Ndipo jina hili likaongoza kwa wingi huko, na Marekani pia: hesabu ya 2010 iliwakuta akina Smith zaidi ya milioni 2.4, wakiwamo akina Schmidt wa Kijerumani waliogeuza jina, na vizazi vya Waafrika waliotoka utumwani.

Nasi tusicheke. Haddad kwa Kiarabu ni mhunzi vile vile. Ratibu tuisomayo misikitini ni ya Sayyid Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Hadhramaut, aliyefariki 1720, na hakuna aonaye haya kulitaja jina hilo. Lakini naaje kijana mhunzi kuposa! Tutauliza ukoo, tutataja masizi. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, twasema kila siku, na nyumbani kwake hatuingii. Jina likija kwa Kiarabu au Kiingereza twalitukuza. Likiwa Kiswahili twalifanya tusi. Binti yangu akiposwa na mhunzi mwenye swala zake, posa nitaipokea.