Paka wa Nyumbani Naye Ana Haki ya Daktari



Ndugu wazazi na wanafunzi, leo tunazungumza juu ya mkaazi wa nyumba asiyehesabiwa na mtu: paka. Hapa Bujumbura, hasa Buyenzi, nyumba nyingi zina paka wake. Analala kwenye mkeka wa watoto, anakula vichwa vya ndagala, na akipita mbele ya msala hakuna anayemfukuza. Lakini uliza tu, "Paka wenu alipelekwa lini kwa daktari wa mifugo?" Watu watacheka. Sisi tunasema hapo hapana la kuchekesha.

Wanaocheka wana hoja tatu.

Ya kwanza: "Paka ni tohara." Ni kweli. Kabsha binti Kaab alimtilia maji ya udhu mkwewe Abu Qatada, paka akaja, naye mzee akakiinamisha chombo ili paka anywe. Lakini hukumu hiyo ni ya maji na vyombo. Haisemi kwamba paka haugui, wala kwamba hapati minyoo na viroboto. Mtoto wako naye ni tohara, mbona unampeleka kuchanjwa?

Ya pili: "Akiugua tutaona." Hii ndiyo hoja ya hatari kuliko zote. Paka huficha maumivu yake. Mara nyingi ukiona ameacha kula, ugonjwa umeshaingia ndani. Na kipo kichaa cha mbwa, ambacho jina lake linatudanganya, kwa kuwa paka hukipata vilevile. Dalili zikishatokea, kwa mnyama au kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kinaua watu 59,000 hivi kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na watoto ni wengi miongoni mwao. Mtasema wengi huambukizwa na mbwa. Sawa. Lakini paka wetu usiku yuko juu ya mabati na majalalani, anakutana na mbwa wa mitaani, na alfajiri anarudi kwenye mkeka wa mtoto. Basi anayesubiri kuona, ameshachelewa.

Ya tatu: "Watu hawana pesa, nyinyi mnazungumzia paka!" Bei za sokoni tunazijua, sote tunanunua soko moja. Lakini hesabuni vizuri. Mtu aliyeumwa na mnyama mwenye kichaa anahitaji sindano kadhaa kwa siku mbalimbali, na kila siku ina nauli yake na foleni yake. Paka hupata sindano ya kwanza akifikisha miezi 3, akarudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya daktari. Familia tano za mtaa mmoja zikichangia, daktari anaweza kuja mara moja akawaona paka wote. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilipoua ng'ombe nchini kwetu, kila mtu alielewa kazi ya daktari wa mifugo. Au tunamjali mnyama pale tu anapokuwa na bei sokoni?

Na daktari hafanyi jambo la ajabu. Anampima uzito, anatazama meno, fizi, masikio na ngozi, anatoa dawa ya minyoo na chanjo. Kwa muda mfupi tu anaona ambacho sisi hatukioni mwaka mzima.

Nyumbani nako tuna wajibu wetu:

1. Tusimpe paka dawa ya binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua.
2. Kinyesi chake kiondolewe kila siku, kwa sababu kimelea cha toksoplasma huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo.
3. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na paka, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ndugu zetu, sote tumefundishwa madrasa habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Kosa lake halikuwa kumchukia paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Anayemweka mnyama chini ya mkono wake amebeba dhamana yake. Basi paka wetu hawezi kwenda kwa daktari peke yake, wala hawezi kusema anaumwa wapi. Sisi ndio miguu yake na sisi ndio ulimi wake. Asiyetaka kubeba dhamana hiyo asifuge, na aliyefuga asicheke.

Allah atujaalie huruma kwa viumbe Wake na azilinde nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.